Sura ya Saba: Mlango Mmoja, Watu Sabini

Ijumaa tarehe 14 Agosti 2020, saa tatu usiku kwa saa za Bunia, mji wa jimbo la Ituri mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Bayern Munich na Barcelona waliingia uwanjani mjini Lisbon kucheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Majukwaa yalikuwa matupu. Filimbi ya mwisho ilipolia Bayern walikuwa wamefunga mabao 8 na Barcelona 2, na kwa mpenzi wa soka kichapo cha namna ile hutakiwa kuangaliwa katikati ya watu, jirani usiyemjua akikupiga mgongoni na mwingine usiyemwona akikuzomea kutoka benchi la nyuma. Lakini kisheria kumbi za video zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na zilikuwa zimebakiza usiku huo mmoja tu. Katika hotuba yake ya 21 Julai, Rais Félix Tshisekedi alikuwa ametangaza kwamba viwanja vya michezo na kumbi za maonyesho vingefunguliwa tarehe 15 Agosti, pamoja na makanisa na mipaka ya nchi. Kama kila ukumbi wa Bunia ulitii hadi usiku ule wa mwisho, jibu namwachia msomaji anayeujua mji huo.

Kinshasa ilikuwa imeshajibu swali lake, la kufunga au kufungua. Kijana aliyesimama mlangoni pa video kule Mudzi-Pela au Nyakasanza akiwa na franka zake mkononi alikuwa na swali jingine: niingie, au nirudi nyumbani? Hilo halikuwa na tangazo. Na naamini lingeweza kujibiwa vizuri, kwa ujuzi uliokuwapo tayari mwezi ule, kama watu wangeambiwa wakitazame chumba chenyewe. Bunia, kwa sababu zinazoeleweka kabisa, ilikuwa imefundishwa kutazama mikono.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam akisikia neno sinema hufikiria ghorofa ya juu ya jengo la maduka, viti vya kitambaa, bisi na kiyoyozi. Kwa mkaaji wa kawaida wa Bunia, sinema ni video. Ni banda la mbao au la matofali lililoezekwa mabati, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni moja au mbili zilizotundikwa juu ili wa nyuma nao waone, dekoda, na ubao mlangoni wenye ratiba iliyoandikwa kwa chaki: mchana filamu ya vita, jioni karate, usiku mpira. Umeme wa bwawa la Budana haumfikii kila mtu wala hauji kila saa, kwa hiyo nje hunguruma jenereta. Kiingilio ni franka mia chache. Wateja wengi ni wavulana na vijana: wamotari waliomaliza zamu, wanafunzi, wachimba dhahabu walioshuka mjini kuuza walichopata.

Watu hawaendi pale kwa sababu picha ni nzuri. Picha ya simu ya mkononi mara nyingine ni bora. Wanaenda kwa sababu ya kelele. Katika Afrika Mashariki yote, video ilikua kuwa sanaa ya kusemeshana na skrini. Tanzania walikuwa na Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzitia utani wake. Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Kenya wana DJ Afro. Hata pasipo msimuliaji, hadhira hujisimulia yenyewe. Mtu humwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, mwingine hubisha, benchi zima hucheka. Nalisema mapema hili la kelele kwa sababu litarudi katika hesabu, na halitarudi kwa uzuri.

Sasa mikono. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa Mangina, Kivu Kaskazini, ukaenea hadi Ituri: Mambasa, Mandima, Tchomia kwenye Ziwa Albert, na Bunia kwenyewe. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Kwa muda wa karibu miaka miwili, kila mlango wenye maana ulikuwa na ndoo yenye bomba, maji ya klorini, na mtu aliyeshika kipimajoto chenye umbo la bastola akikielekeza kwenye paji la uso wako. "Nawa kwanza, yaya," na yaya, yaani kaka au dada mkubwa, ananawa. Watoto walijifunza kusalimiana kwa viwiko kabla ulimwengu haujaona picha za mawaziri wa Ulaya wakifanya hivyo. Kwa Ebola hayo yote yalikuwa na maana: virusi vile hupita kwa kugusa damu, matapishi, jasho na maiti, na mgonjwa anayeambukiza mara nyingi ana homa. Ukinawa, ukimpima mtu joto, usipomgusa mgonjwa, umefanya sehemu kubwa ya kazi.

Hata kwa Ebola serikali ziliziogopa kumbi za sinema. Juni 2014 Sierra Leone ilifunga shule, sinema na kumbi za dansi katika wilaya ya Kailahun, mpakani na Guinea na Liberia. Mtu anaweza kuhoji amri ile, maana mwenye Ebola iliyokomaa hakai saa mbili kwenye benchi akiangalia karate, yuko kitandani. Lakini msongamano ni msongamano, watu hubanana, hutokwa jasho, na serikali iliyokuwa na hofu haikuwa na muda wa kuchambua.

Korona ilipofika, Bunia ilikuwa na vifaa tayari. Ndoo zilikuwapo, bastola za joto zilikuwapo, wahamasishaji waliokuwa wameajiriwa na Riposte, kama kila mtu alivyoiita shughuli ya kupambana na Ebola, walikuwapo. Hata kiongozi alikuwa yule yule: Profesa Jean-Jacques Muyembe, mmoja wa waliokitambua kirusi cha Ebola mwaka 1976, aliongoza mapambano ya Ebola kuanzia Julai 2019 na baadaye akakabidhiwa ya korona. Ilikuwa rahisi mno kuendeleza ibada ya mlangoni kama ilivyokuwa na kuongeza barakoa, kashne kwa lugha ya mtaani. Mtu akinawa na kuvaa kashne hadi mlangoni, alihesabiwa amemaliza.

Habari kwamba ugonjwa huu ni wa hewa zilikuwapo kabla ya Agosti. Tarehe 10 Machi 2020, siku ile ile ambayo Kongo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona kule Kinshasa, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Walikuwa wamekwisha kuonywa. Dawa ya kusafisha mikono iliwekwa mlangoni, watu hawakukumbatiana. Waliimba kwa saa mbili na nusu wakaenda zao. Watu 53 kati yao walihesabiwa baadaye kuwa waliugua, na wawili wakafa. Mikono ilikuwa safi. Mwanzoni mwa Julai wanasayansi 239, wakiongozwa na Lidia Morawska na Donald Milton, waliliandikia Shirika la Afya Duniani wakilitaka likubali kwamba virusi hivi huelea hewani ndani ya vyumba, na tarehe 9 Julai shirika hilo likakiri kwamba jambo hilo haliwezi kupuuzwa katika vyumba vyenye watu wengi na hewa isiyotembea. Zilikuwa zimebaki wiki tano kabla ya kumbi za Bunia kufunguliwa. Kwenye radio za mji, wimbo uliendelea kuwa wa sabuni.

Tukae kidogo ndani ya chumba hicho, maana mambo yote yamo humo. Chukua banda la mita 10 kwa 6, lenye paa la mita 2 na nusu: mita za ujazo 150 za hewa. Weka watu 70, jambo la kawaida usiku wa mechi kubwa. Mtu aliyekaa hupumua lita 7 au 8 kwa dakika. Watu 70 kwa saa mbili hupitisha mapafuni zaidi ya mita za ujazo 60, karibu nusu ya hewa ya chumba kizima. Nje, hewa ukaa ni sehemu 400 na kitu kwa kila milioni. Ndani ya chumba kile, kama kingezibwa kabisa, ingevuka 10,000 kabla filamu haijaisha. Bahati njema hakuna banda la mabati linalozibika kabisa. Lakini kile kichwa kizito unachotoka nacho video, ambacho watu husema ni cha njaa au cha kelele, kwa sehemu ni hiyo hewa: umekuwa ukivuta pumzi za jirani zako.

Kisha turudishe kelele. Mtu anayepumua kimya hutoa vitone vichache vidogo mno visivyoonekana. Anayezungumza hutoa zaidi. Anayepiga kelele au kuimba hutoa vingi mno. Watazamaji 70 wakati wa bao ni kwaya ile ya Skagit isiyojua noti.

Kwa nini basi chumba hakifunguliwi? Mtu wa mbali angesema wenye kumbi hawajali. Wanajali, ila wana sababu zao. Ya kwanza ni mwanga: jua la saa nane likiingia, skrini inapauka na wateja wanadai hela zao, kwa hiyo madirisha hufunikwa kwa turubai au mifuko meusi. Ya pili ni jenereta iliyo nje, moshi wake na mngurumo wake. Lakini kubwa kuliko zote ni wachunguliaji. Kila aliyekulia karibu na video anawajua, kama hakuwa mmoja wao: watoto wanaobandika jicho kwenye kila mwanya wa ubao, wanaosimama juu ya debe kufikia upenyo wa paa, wanaoangalia nusu ya filamu bure kupitia tundu la msumari. Mwenye ukumbi anayeishi kwa franka mia mia huyaona matundu hayo kama hasara, akayaziba moja baada ya jingine kwa vipande vya bati na matope. Kila tundu alilolifunga dhidi ya mchunguliaji alilifungia na hewa. Kwa miaka, soko lilikuwa linajenga chumba ambacho kirusi cha hewani kingekitamani.

Ndiyo maana nasema jibu lilikuwa chumbani. Televisheni za sasa hazihitaji giza kama projekta. Turubai lingeweza kutolewa jioni bila mtu kulalamika. Upenyo kati ya ukuta na paa, ule wa kimo asichofikia mtoto hata juu ya debe, ungeweza kuachwa wazi pande zote mbili ili joto la watu litoke lenyewe na hewa baridi iingie chini. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na jioni zake zina upepo mtulivu wa baridi. Hakuna fundi anayehitaji kuletwa kutoka Kampala kwa kazi hiyo. Ni kubandua yale mabati yaliyopigiliwa.

Idadi ya watu nayo ina hesabu yake, na ni tofauti na watu wanavyodhani. Tuseme, kwa mfano tu, mtu mmoja kati ya 200 mjini ana virusi bila kujijua. Ukiingia chumba cha watu 70, uwezekano wa kumkuta angalau mmoja humo ni karibu 3 kati ya 10. Ukiingia chumba cha watu 20, unashuka hadi karibu 1 kati ya 10. Tena akiwapo, chumba cha 20 kina makelele machache na nafasi kubwa zaidi ya hewa kwa kila mtu. Faida mbili kwa hatua moja. Kama ni mmoja kati ya 200 au kati ya 2,000, Bunia haikuwa na namna ya kujua. Vipimo vilikuwa haba, na Kongo nzima ilimaliza janga ikiwa na vifo visivyofika 1,500 katika hesabu rasmi, tarakimu ambayo kila daktari niliyezungumza naye huitaja huku akitikisa kichwa.

Hapo ndipo kijana wa mlangoni angesema: sawa, lakini mimi nina miaka 20, korona haiui watu kama mimi. Na hesabu ingempa haki kwa kiasi kikubwa. Nusu ya Wakongomani hawajafika miaka 18, na kirusi hiki kiliwaogopa vijana na kuwaonea wazee. Angeongeza mengine pia, na nisingekuwa na la kumjibu haraka. Tarehe 4 Septemba 2020, majuma matatu tu baada ya kumbi kufunguliwa, wapiganaji wa CODECO, kundi la wanamgambo wa Ituri, waliingia Bunia mchana wakiwa na silaha, wakaandamana hadi gereza kuu wakidai wenzao. Zaidi ya watu milioni moja katika jimbo lile walikuwa wamekimbia makwao. Malaria ilikuwa inaua kama kawaida. Surua ilikuwa imeua zaidi ya watoto 6,000 nchini tangu 2019. Katika orodha ya vitu vya kuogopa, korona ilikuwa chini sana, na mtu anayemwambia kijana wa namna hiyo aiweke juu anapaswa kuwa na sababu nzuri.

Sababu ipo, na iko nyumbani kwake. Vita vilijaza nyumba za Bunia. Shangazi amekuja kutoka Djugu na watoto wanne, babu analala sebuleni, nyanya anakohoa tangu masika na hakuna anayejua ni kifua kikuu au ni moshi wa kuni. Kijana anayetoka video saa nne usiku anarudi kwenye chumba chenye watu wengi kuliko kile cha mabenchi, ukilinganisha na ukubwa wake, na huko hakuna saa mbili: ni usiku kucha, madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi na mbu. Kwa hiyo nyumba mbili za jirani zingeweza kutoa majibu mawili, yote sahihi. Mwanafunzi anayepanga chumba na wenzake wanne wa rika lake angeweza kuingia video bila kumdhuru mtu dhaifu. Mwenzake anayelala ukuta mmoja na babu mwenye sukari, mwaka ule, asingeingia, au angeingia kisha akalala barazani siku kadhaa, jambo ambalo kwa usalama wa Bunia haliwezekani. Amri za serikali haziwezi kuona tofauti hii. Mama mwenye nyumba anaiona, na ningependa angalau mara moja tangazo la afya lingesemezana naye badala ya kuhubiria mikono ya kila mtu.

Lakini hata tangazo zuri lilihitaji kuaminiwa, na hapo mambo yalikuwa mabaya. Tarehe 23 Machi 2020 mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu Dkt. Oly Ilunga, aliyekuwa waziri wa afya, kifungo cha miaka mitano kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola 400,000 za fedha za Ebola, mwenyewe alikana. Tarehe 24 Machi, kesho yake, Rais alitokea kwenye televisheni kutangaza hali ya dharura kwa ajili ya korona na kufunga karibu kila kitu. Usingeweza kupanga kalenda mbaya zaidi. Mjini Bunia watu walikuwa wameyaona magari ya Riposte yakipita kwenye vumbi la Boulevard de la Libération kwa miezi, wakajua nani amekodisha nyumba yake kwa dola na nani hakupata. Wengi waliamini korona ni sura ya pili ya biashara ile ile. Uvumi huo ulikuwa na matokeo mabaya na siutetei, lakini haukuanguka kutoka mbinguni.

Nao majirani walitoa mifano inayopingana. Tanzania iliacha kutoa takwimu mwaka 2020 ikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, ikanyamaza, na maisha yakaendelea. Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, ilifanya kinyume: baa na matamasha hayakuruhusiwa tena hadi Januari 2022. Mfanyabiashara wa Bunia mwenye ndugu Kampala na rafiki Dar angeweza kupiga simu mbili jioni moja na kupokea habari za dunia mbili.

Mbali zaidi, sinema zenyewe za kitajiri zilikuwa zinahangaika na swali lile lile wiki ile ile, na kuna jambo dogo linalonifurahisha. Tarehe 20 Agosti 2020, siku tano baada ya Kongo, kampuni ya AMC ya Marekani ilifungua sehemu ya kumbi zake na, kwa siku hiyo moja, ikauza tikiti kwa senti 15, bei ya mwaka 1920, kusherehekea miaka mia ya kampuni. Senti 15 zilikuwa chini kidogo ya franka 300. Kwa siku moja Mmarekani aliingia sinema kwa kiingilio ambacho mteja wa mtaa wa Bankoko mjini Bunia angekiona cha kawaida. China ilikuwa imezifungua kumbi zake 20 Julai baada ya kuzifunga karibu nusu mwaka. Filamu ya Tenet ilitoka kuanzia 26 Agosti kuwarudisha watu vitini, haikutosha. James Bond mpya akaahirishwa tena, na Oktoba kampuni ya Cineworld ikafunga kumbi zake Marekani na Uingereza kwa kukosa filamu za kuonyesha. Video ya Bunia haina ugonjwa huo. Haijawahi kutegemea filamu mpya. Bruce Lee alifariki 1973 na bado anafanya kazi.

Ugonjwa wake ni mwingine: haiwezi kuishi na nusu ya watu. AMC ilipopunguza viti iliweza kukopa mamilioni. Mwenye video ana lita za mafuta ya jenereta ambazo bei yake ni ile ile, wawe ndani watu 70 au 20, na malipo ya mwezi ya dekoda yasiyojua janga. Akipunguza wateja kwa theluthi mbili itabidi apandishe kiingilio mara tatu, na mteja wa franka mia tatu hana mia tisa. Akionyesha filamu mara mbili kwa makundi madogo, mafuta yanakuwa mara mbili. Mpira ndio mgumu zaidi, kwa sababu mechi haichezwi mara mbili. Disemba 2020 ilipokuja amri ya kutotoka nje kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, hata kugawa usiku hakukuwezekana tena. Biashara ilisukumwa mchana, chini ya bati la moto, turubai zikarudi madirishani kwa ajili ya jua. Amri iliyotungwa kupunguza mikusanyiko iliifunga hewa. Nina hakika aliyeiandika hakuwahi kukaa video saa nane mchana.

Ningekuwa mshauri wa jimbo wakati ule, ningewaacha wenye kumbi wajaze kadiri ya hewa. Mwenye kubandua pande mbili za ukuta juu ya kimo cha mtu, aingize watu wengi. Mwenye kuziba, aingize 15. Askari hahitaji kipimo chochote kukagua hilo. Anasimama mlangoni, akiona nyota au mwanga wa jirani kupitia pande mbili, anaondoka. Kuhusu wachunguliaji, serikali ingewalipa wenye kumbi fidia yao kwa chenji iliyobaki kwenye bajeti ya sabuni. Natania, lakini si sana.

Chanjo ilichelewa kuingia katika hesabu hii. Dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilishuka Kinshasa tarehe 2 Machi 2021, zikasubiri hadi 19 Aprili kwa sababu ya habari za damu kuganda zilizotoka Ulaya, na nyingi kati yake, kama milioni 1.3, zikatolewa zipelekwe nchi nyingine zisije zikaharibika. Mwezi Juni wimbi la tatu likapanda na Rais akatangaza masharti mapya, disko zikafungwa tena. Mwezi huo huo Kombe la Ulaya la 2020, lililoahirishwa mwaka mzima, lilianza kuchezwa, na Ituri ilikuwa tayari chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei. Swali la Agosti likarudi mlangoni. Safari hii kijana aliyekuwa amesikia habari za hewa alikuwa na la kufanya hata pasipo msaada wa mtu: aje mapema kabla mabenchi hayajajaa, akae upande wa mlango, ambako mwanga husumbua na kila anayeingia hukukanyaga miguu, aache kashne usoni wakati wa mabao hasa, na mechi ikienda kwenye penalti huku chumba kimeshaanza kunuka watu, atoke nje akaisikilize akiwa pamoja na wachunguliaji.